Risasi ya karatasi na risasi ya porini: jibu kwa msomaji wa Isevya

Msomaji mmoja wa Isevya, Tabora mjini, ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Bunduki ya marehemu baba, kaliba .308 yenye darubini, sasa ni yangu na leseni imekwisha kuhamishiwa kwangu. Ninayo maboksi mawili ya risasi. La kwanza limeandikwa Match, greni 168, na kila risasi ina kitundu kidogo nchani. La pili ni la greni 180, na ncha zake ni laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha. Nikilenga karatasi kwa mita 100, zile za kwanza hukusanyika pamoja kama zimepangwa kwa mkono, na hizi za pili hutawanyika kidogo. Mjomba wangu anasema kwamba risasi inayokusanyika vizuri ndiyo ya kwenda nayo porini, na kwamba kile kitundu ndicho kinachoifanya ipasuke ndani ya mnyama. Nina kibali cha kongoni kwa msimu unaofunguliwa Julai. Nichukue boksi lipi?"

Marahaba, mwanangu. Chukua boksi la pili, lile la ncha laini, na lile la Match ulibakize kwenye uwanja wa shabaha. Mjomba wako simlaumu, kwa maana hata mimi nilipoanza kazi hii niliamini hivyohivyo, na wapo watu walioshika bunduki miaka 20 ambao bado wanaamini. Lakini kosa hilo ndilo linalowaacha wanyama wengi na majeraha katika miyombo yetu, kwa hiyo nitakueleza kwa kirefu kidogo, ili siku nyingine ukikuta boksi usilolijua uweze kuamua mwenyewe.

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili chetu kimeweka vitu vitatu katika jina moja. Risasi ni madini yale mazito na laini; risasi ni kile kipande kinachoruka na kumpiga mnyama; na risasi pia ni kitu kizima tunachokipakia bundukini, yaani ganda la shaba njano, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani, na kipande kinachoruka kilichobanwa mdomoni. Katika jibu hili nitaita kile kinachoruka "kichwa", na kitu kizima nitakiita "risasi". Greni ni kipimo cha uzito wa kichwa hicho, na Match ni jina wanaloziita risasi za mashindano ya shabaha. Tofauti inayotuhusu ya maboksi yako mawili haiko kwenye ganda, wala fataki, wala baruti. Iko kwenye kichwa, na ndani ya kichwa iko kwenye namna koti la shaba lilivyofungwa kuzunguka kiini cha madini ya risasi.

Koti hilo huanza likiwa kama kikombe kidogo cha shaba, na mtengenezaji ana njia mbili za kulifunga. Anaweza kuugeuza mdomo wa kikombe uelekee nyuma, hivi kwamba ncha ya mbele inakuwa nzima na kitako kinabaki wazi, na kiini kinaonekana pale nyuma. Ndivyo vilivyo vichwa vingi vya kijeshi. Au anaweza kuugeuza mdomo uelekee mbele, kitako kikawa kizima na laini kabisa, na ufunguzi ukabaki nchani. Vichwa vya shabaha hutengenezwa kwa njia hii ya pili, na sababu yake ni kitako. Wakati kichwa kinapotoka mdomoni mwa mtutu, moshi wa baruti wenye kani kubwa unakisukuma kwa nyuma, na kitako chenye upande mmoja uliozidi mwingine, hata kwa unywele, hukifanya kichwa kianze safari yake kikiwa kimeegemea upande. Kitako kilichotimilika kila upande hukifanya kitoke kimenyooka. Kitundu unachokiona nchani ni mahali tu ambapo koti liliishia lilipokuwa likibanwa. Hakikutobolewa ili kipasuke ndani ya mnyama. Mara nyingi ni chembamba mno, na koti linalokizunguka halikupangwa lifunguke kwa namna yoyote ile inayojulikana. Hapo ndipo mjomba wako alipopotea, na alipotezwa na kufanana kwa sura, kwa sababu vipo kweli vichwa vya kuwindia vyenye tundu nchani. Lakini vile tundu lake ni pana, na koti lake limekatwa mistari ya udhaifu kwa makusudi ili lichanue.

Sasa chukua risasi moja ya boksi la pili uitazame. Ule weusi wa kijivu unaokwaruzika ni kiini chenyewe kilichoachwa wazi mbele. Koti lake kwa kawaida ni jembamba karibu na ncha na linazidi unene kadiri linavyorudi nyuma. Kikipiga ngozi na nyama, ile ncha laini inabonyea, inasukuma koti lipanuke kama ua la boga linalofunguka, na kichwa kilichokuwa na upana wa milimita 7.8 kinaweza kufikia mara mbili ya hapo huku sehemu ya nyuma ikiendelea kusukuma mbele. Mnyama hafi kwa sababu amepigwa na kitu chenye kasi. Anakufa kwa sababu mapafu au moyo umechanika kwa upana wa kutosha, damu ikashuka upesi, na ubongo ukakosa hewa. Kichwa cha ncha laini kimetengenezwa kwa ajili ya zile sentimita 30 au 40 za mwisho wa safari. Kichwa cha shabaha kimetengenezwa kwa ajili ya zile mita 100 au 300 za kabla yake, na kikishatoboa karatasi hakidaiwi tena kitu.

Nitakuambia lililonifundisha mimi. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwindaji bingwa katika kitalu kimoja upande wa Ugalla, na mgeni wetu mmoja, mlenga shabaha hodari kuliko mimi, alikuja na risasi za Match kwa sababu aliziamini. Sikumkatalia. Alimpiga kongoni dume kwa umbali wa mita zisizozidi 80, palepale nilipomwonyesha, bega likiwa limetukabili kwa pembe kidogo. Nilisikia mlio wa risasi kupiga nyama, kongoni akayumba, akaondoka na kundi. Tulifuata damu kuanzia saa tatu asubuhi. Mwanzoni ilikuwa nyingi juu ya nyasi, kisha matone, kisha tone moja kila hatua kumi, kisha hakuna. Tulimkuta asubuhi ya pili, fisi wakiwa wamekwisha kumtangulia mtu yeyote. Kwenye bega lake kichwa kilikuwa kimevunjikavunjika juu ya mfupa, vipande vimetapakaa ndani ya msuli, na hakuna kilichofika kifuani. Siku chache baadaye risasi ya boksi lilelile ilipita katikati ya mbavu za swala pala na kutokea upande wa pili kwa tundu dogo kama sindano ya kushonea magunia, naye alikimbia mbali kabla ya kulala. Boksi moja, mwenendo wa namna mbili. Kutotabirika huko ndiko kunakonifanya nikukataze. Si kwamba kichwa cha shabaha hakiui. Mara nyingine kinaua papo hapo. Ni kwamba huwezi kujua kitafanya lipi, na watengenezaji wenyewe wa vichwa vya namna hiyo huandika kwamba hawavipendekezi kwa uwindaji.

Kuhusu kukusanyika kwa matundu kwenye karatasi, fanya hesabu hii. Tuseme risasi zako za Match zinaangukia ndani ya duara la milimita 20 kwa mita 100, na zile za ncha laini ndani ya milimita 45. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni kubwa sana. Lakini eneo la moyo na mapafu la kongoni ni kama sahani ya wali. Katika miyombo ya Sikonge au Kaliua, ambako miti na vichaka vinakuzuia kuona mbali, risasi nyingi hupigwa kati ya mita 50 na 150. Bunduki inayotawanya milimita 45 kwa mita 100 itatawanya kama milimita 70 kwa mita 150, na duara hilo linaingia ndani ya sahani na nafasi kubwa ikabaki. Kinachokutoa nje ya sahani porini ni pumzi yako baada ya kutembea kilomita 8, mkono usio na pa kuegemea, na mnyama aliyegeuka ulipokuwa ukivuta kifyatulio. Hakuna boksi litakalokuponya na hayo.

Anayeshindana kwa shabaha ana hesabu nyingine kabisa, na kwake ile milimita moja ni kitu. Katika mashindano ya kimataifa ya bunduki kwa mita 50, duara la alama 10 lina upana wa milimita 10.4 tu, na kwa mita 300 lina upana wa milimita 100. Mtu huyo hupiga makumi ya risasi mfululizo, na anachohitaji ni kwamba ya 60 iwe sawa na ya kwanza: uzito uleule wa kichwa, kiasi kilekile cha baruti, kasi ileile. Ndiyo maana hununua risasi za toleo moja la kiwandani, akitazama namba iliyopigwa ubavuni mwa boksi, kwa kuwa toleo jingine la risasi hizohizo linaweza kuangukia pembeni kidogo katika mtutu wake.

Mfano wake mzuri ni risasi ndogo ya .22 Long Rifle, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1887 na ambayo mpaka leo ndiyo inayotumika kwenye mashindano ya mita 50 ya Olimpiki. Risasi za .22 za shabaha hutengenezwa ziwe za polepole, kama mita 330 kwa sekunde au pungufu kidogo, yaani chini ya mwendo wa sauti, ambao kwa joto la nyuzi 20 ni kama mita 343 kwa sekunde. Kichwa kinachotoka kwa kasi zaidi ya sauti na kisha kupungua mpaka kuivuka kurudi chini hutikisika kinapovuka, na matundu hutawanyika. Mwenye kununua .22 kwa kuamini kwamba ya kasi zaidi ni bora zaidi hujikuta ametoa fedha nyingi ili alenge vibaya. Nakushauri, ukipata nafasi ya kutumia .22 kihalali uwanjani, itumie sana. Risasi zake ni rahisi, haipigi teke begani, nayo itakufundisha kuvuta kifyatulio bila kukunja uso. Watu wengi tunaowaona wakikosa kwa bunduki kubwa walianza kuogopa teke kabla hawajajifunza kulenga.

Umeniuliza kuhusu maboksi mawili, lakini najua utakutana na la tatu, kwa hiyo niliseme sasa. Siku moja mtu atakwambia kwamba anazo risasi za koti zima, zenye ncha ya shaba isiyo na kitundu wala ulaini, kwa bei nafuu, nazo ni za kipimo cha milimita 7.62 kwa 51. Hiyo ni risasi ya kijeshi inayolingana kwa umbo na .308, ingawa si kitu kimoja kwa kila kipimo. Swali la kwanza ni uhalali wake, na usiipokee kutoka kwa mtu asiye na leseni ya kuuza, hata akiwa jirani yako. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haitazami ujirani. Lakini hata ikiwa halali kabisa, usiiwindie. Mkutano wa The Hague wa mwaka 1899 ulitoa tamko la kuyakataza majeshi kutumia vichwa vinavyopanuka mwilini, na vichwa vingi vya kijeshi hutengenezwa vikiwa na koti zima. Sifa ileile iliyotakiwa vitani, ya kutopanuka, ndiyo inayomwacha swala akikimbia na tundu jembamba mpaka asionekane tena. Tena kinaweza kumtoboa mnyama uliyemlenga na kumjeruhi aliye nyuma yake, ambaye hukumwona na hukuwa na kibali chake.

Hapo mtu mwerevu atakuuliza: mbona wawindaji wa zamani waliua tembo kwa vichwa vya koti zima? Ni kweli, na jibu lake linafafanua jambo lote. Bell, Mskoti aliyewinda Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo wengi sana kwa bunduki ndogo ya kaliba ya milimita 7, akitumia vichwa virefu vya koti zima. Tembo ana fuvu nene lenye mifupa kama sega la nyuki, na kichwa kinachopanuka husimama humo kabla ya kufika ubongoni. Bell alihitaji kichwa kinachonyooka bila kupinda wala kupanuka, alijua ubongo uko wapi kutoka kila pembe, na alikuwa na utulivu ambao wengi wetu hatuna. Mnyama ndiye aliyeamua aina ya kichwa cha kutumia. Kwa kongoni, pofu, palahala au korongo (yule wa jamii ya swala, si ndege) tunataka kipanuke. Kwa tembo tunataka kisipanuke. Na kwa nyati tunataka yote mawili kwa zamu. Wawindaji wengi wa nyati huweka risasi ya kwanza iliyo ya kupanuka lakini imara, ili isimtoboe dume na kumpata jike aliye nyuma yake kundini, kisha zinazofuata zikawa za koti zima au za shaba tupu zisizopanuka, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa huonyesha makalio au huja uso kwa uso, na kote huko kuna mwendo mrefu wa nyama na mifupa kabla ya kufika kifuani.

Na kwa kuwa nimemtaja nyati: .308 yako si ya nyati. Kwa wanyama hatari sheria zetu zinataka kaliba isiyopungua .375, na ipo sababu. Risasi ya .375 H&H Magnum, iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, hurusha kichwa cha greni 300, yaani gramu 19.4, kwa kasi ya kama mita 770 kwa sekunde. Nguvu yake mdomoni mwa mtutu ni kama jouli 5,700. Yako ya greni 168, gramu 10.9, ikiondoka kwa kasi ya mita 800 kwa sekunde, ina jouli karibu 3,500. Usidanganywe na mtu anayekusimulia kwamba aliwahi kumwangusha mbogo kwa .308. Muulize kwanza alifuata wangapi ambao hawakuanguka.

Nirudi kwenye ncha laini, kwa maana hata huko si zote zilizo sawa. Mwaka 1946 Mmarekani mmoja, John Nosler, aliwinda mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu aitwaye moose huko Kanada, akampiga mara kadhaa kwa bunduki yenye nguvu, na vichwa vikavunjika juu ya tope lililokauka ngozini na misuli minene bila kuzama. Alirudi nyumbani akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: chumba cha mbele kinapanuka na hata kuvunjika, cha nyuma kinabaki kizima na kusukuma. Alianza kukiuza mwaka 1948, na tangu hapo wengine wamekuja na vichwa ambavyo kiini kimegandishwa na koti, na vingine vya shaba tupu visivyo na madini ya risasi kabisa. Ninapofikiria mnyama huyo wa Nosler, namwona ngiri wetu aliyetoka kugaagaa kwenye tope la mbuga, au nyati mwenye udongo mkavu ubavuni. Kwa swala pala au pongo, kichwa cha kawaida cha ncha laini kinatosha sana. Kwa kongoni, greni 180 ulizonazo zinafaa, mradi usilenge katikati ya mfupa wa bega kwa makusudi bali nyuma yake kidogo, theluthi ya chini ya kifua. Ukija kupata kibali cha pofu, ambaye dume lake linaweza kupita kilo 700, tafuta kile kilichogandishwa au cha shaba tupu kinachopanuka. Bei yake ni kubwa, lakini unatumia risasi moja au mbili kwa msimu mzima.

Umbali pia una neno. Vichwa vingi vya kupanuka vinahitaji kasi isiyopungua mita 550 hivi kwa sekunde vinapompiga mnyama. Chini ya hapo ncha haifunguki na unarudi kwenye tundu la sindano. Risasi ya .308 inaishikilia kasi hiyo mpaka karibu na mita 300 au zaidi kidogo. Mimi nisingependa upige kongoni zaidi ya mita 200, na kwa msimu wako wa kwanza ningesema 120. Huko mbuga za upande wa Ugalla utawaona wamesimama mita 300 kwenye uwazi, na darubini ya baba yako itawaleta karibu kama mbuzi wa nyumbani. Waache. Subiri waingie ukingoni mwa miti, au wasogelee ukiukabili upepo.

Sasa jambo ambalo wengi hulipuuza na ambalo kwangu ni kubwa kuliko jina la boksi. Kila aina ya risasi huangukia mahali pake. Umerekebisha darubini kwa risasi za Match? Basi ukipakia zile za greni 180, matundu hayatatawanyika tu. Kundi zima linaweza kuhama sentimita kadhaa juu, chini au kando, kwa sababu uzito na kasi vimebadilika na mtutu unatetemeka kwa namna nyingine. Nimewaona watu wakijipima kwa risasi za bei nafuu Jumamosi na kupakia za bei kali Jumapili alfajiri, kisha wakailaumu darubini. Rekebisha darubini kwa risasi ileile utakayowinda nayo, kutoka boksi lilelile.

Na ulenge mtutu ukiwa baridi. Mlenga shabaha hupasha mtutu wake kwa risasi za mwanzo ambazo hazihesabiwi, ndipo aanze zinazohesabiwa. Wewe porini unahesabiwa ile ya kwanza tu, kutoka mtutu uliolala usiku kucha, labda wenye ukungu wa mafuta ndani. Kwa hiyo futa mafuta ya mtutu kwa kitambaa kikavu, piga risasi moja, andika ilipoangukia, weka bunduki chini robo saa au zaidi, piga nyingine. Risasi tatu za namna hiyo zitakuambia ukweli wa bunduki yako kuliko 20 zilizofululiza.

Kulengea kwenye kichuguu, kama vijana wengi wanavyofanya huku kwetu, sikubaliani nako. Kichuguu cha kiangazi ni kigumu kama saruji na kimeviringana, na kichwa cha koti zima kinaweza kuteleza juu yake kikaruka ambako hukupanga. Hata ile .22 ndogo huandikwa kwenye boksi lake kwamba inafika zaidi ya maili moja, na .308 hupita kilomita 3. Nenda kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, wenye tuta la udongo laini, na umwombe mwenye uzoefu asimame nawe.

Joto letu nalo lina kazi yake. Baruti ikipata moto huwaka kwa kani kubwa zaidi, na risasi iliyokaa kutwa juu ya dashibodi ya gari mwezi Oktoba haitaruka sawa na ile uliyoijaribu asubuhi ya Juni. Weka risasi zako kivulini, ndani ya kasha kavu lililofungwa kwa ufunguo, mbali na bunduki na mbali na watoto. Usizipake mafuta hata kidogo ukidhani unazikinga na kutu. Mafuta hupenya kwenye fataki na kuiua. Ganda lenye kutu ya kijani, lenye ufa, au kichwa kinachochezacheza mdomoni mwake, litenge na ulirudishe kwa muuzaji mwenye leseni. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, acha kabisa kupakia nyingine mpaka mtutu uchunguzwe, kwa maana kichwa kinaweza kuwa kimekwama ndani, na kitakachofuata kitaupasua mtutu mbele ya uso wako. Zile za ncha laini, tena, zikague kila jioni ya safari: teke la bunduki huzigonga ncha zilizo kwenye magazini mpaka zikabonyea. Kwa umbali wetu wa miyombo hilo halikukoseshi shabaha sana, ila mimi huzibadilisha zilizoumia na kuzitumia kwa mazoezi.

Ukishampata mnyama, kumbuka kwamba ncha laini huacha vumbi la madini ya risasi katika nyama iliyozunguka jeraha, na madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto na mama wajawazito. Kata na utupe nyama yote iliyovilia damu kuzunguka tundu, kwa upana wa kiganja kila upande. Uizike pamoja na matumbo. Ukiyaacha juu ya ardhi, tai watayala, na tai huuawa na madini hayo kwa kiasi kidogo sana. Tai wetu wamepungua vya kutosha.

Kabla ya Julai, basi, fanya hivi. Toa risasi zote za Match ndani ya begi la safari, uandike kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi lake "karatasi tu", ili hata mwanao asichanganye. Chukua 10 za greni 180, uende uwanjani Jumamosi tatu mfululizo, kila mara mtutu ukiwa baridi, kwa mita 100. Rekebisha darubini mpaka ziangukie kama sentimita 4 juu ya katikati. Kwa umbali wa mita 150 zitakuwa karibu na katikati, na hutakuwa na hesabu ya kufanya kichwani mwako mnyama anapokutazama. Zile zilizobaki usiziguse, hizo ndizo za porini. Kisha niandikie matundu ya kwanza ya kila Jumamosi yalipoangukia, nami nitakuambia kama bunduki ya baba yako iko tayari au inahitaji fundi aitazame skrubu za darubini kwanza.